Sahani Isiyorudi Tupu

Nyumba niliyopanga Tooting, London, ilikuwa na baridi ya kugandisha hata sabuni, na simu moja ukumbini ambayo haikulia kamwe kwa ajili yangu. Nilikuwa nimetoka Unguja baada ya mapinduzi, na kurudi halikuwa jambo la kufikiria. Mchana nilifanya kazi ya kukatia watu tiketi stesheni, jioni nilibishana na redio. Sioni haya kusema nilikuwa mpweke, na upweke ulinitia hasira za karibu.

Ndipo akahamia chumba cha juu kijana wa Kiairishi, mrefu, mwenye mikono isiyotulia. Siku za kazi alichimba mitaro ya mabomba. Jumapili alitoka na fimbo ya mti, bapa mwishoni kama mwiko wa ugali, kwenda kucheza hurling, mchezo wa kwao. Wanapiga mpira mgumu wa ngozi hewani, fimbo zikipita karibu na meno ya watu. Mwanzoni nilidhani ametoka kupigana. Jicho limevimba, vidole vimefungwa plasta, naye anacheka.

Akanieleza jambo lake. Kwao mtu huchezea kijiji alichozaliwa, na walio hodari huitwa kuichezea kaunti, yaani mkoa wao. Mshahara hakuna, heshima tu. Yeye alishaichezea timu ya vijana ya kaunti yake, kisha kazi ikakosekana, akavuka maji. Kocha akamwahidi kwamba akicheza vizuri London atapigiwa simu kabla ya msimu kuanza. Basi kila simu ilipolia alishuka ngazi mbiombio, na kila mara ilikuwa ya mwenye nyumba.

Idi ilipofika nilipika pilau ya ukoo mzima, maana mkono wangu ulikuwa haujajifunza kupikia mtu mmoja. Nikampelekea kwenye sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu, niliyotoka nayo nyumbani. Kesho yake akairudisha inang'aa, tupu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata chumvi kidogo utaitia. Nilinuna siku nzima kama mtoto aliyenyimwa andazi, halafu nikamwambia.

"Sikujua, bwana," akasema, mwekundu mpaka masikioni. "Mama angenichapa."

Jioni akabisha hodi na viazi vya kuchemsha, vinafuka moshi, juu ya sahani yangu. Tangu hapo ikawa inapanda na kushuka ngazi. Mayai, samaki, mkate aliotumiwa na mama yake. Aliwahi kuleta soseji za nguruwe, nikamrudishia nikicheka, na nilikuwa sijacheka muda mrefu. Nikaanza kuwahi nyumbani kutoka kazini.

Jumapili moja ya mvua simu ililia yeye akiwa uwanjani. Nikapokea. Sauti nzito ya mwanamume, lafudhi yake kama changarawe mdomoni, ikamtaja na kusema arudi wiki ile ile, kaunti inamhitaji. Nikaiweka simu, nikakaa kwenye ngazi. Nilimfurahia yeye na nikajihurumia mimi, yote kwa pamoja. Kisha nikavaa koti, nikapanda basi kumfuata uwanjani.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheza. Aliruka katikati ya fimbo, akaudaka mpira kwa kiganja kitupu, akageuka na kuutandika ukapita juu ya goli, na kwao hiyo ni pointi. Nilisubiri pembeni mpaka filimbi ya mwisho. Nikamwambia habari ya simu. Alinikumbatia na tope lake lote, koti likaharibika, nami sikujali.

Siku ya kuondoka nilimfungia chapati na nyama za safari kwenye sahani ile ile.

"Nitairudisha," akasema.

"Usiirudishe tupu," nikamjibu.

Mlango ukafungwa. Simu ikaendelea kuwa ya mwenye nyumba.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha kikaja kifurushi. Sahani ilizungushiwa gazeti la kwao, na ndani ya gazeti alikuwemo yeye pichani, amevaa jezi ya kaunti, mdomo wazi, fimbo juu. Pamoja nayo palikuwa na mpira wa ngozi uliochakaa mishono. Sahani ilikuwa imevunjika njiani.

Nikaiunga kwa gundi. Ijumaa nikapika pilau, nyingi kupita kiasi kama kawaida yangu, nikaipakua humo. Nilikuwa nimeshafika nusu ya ngazi ndipo nilipokumbuka kwamba chumba cha juu hakina mtu.