Njia Mia Zisizofungwa

Hebu mwone anavyoingia, msomaji wangu: mwembamba, begi la kompyuta begani, anapita mbele ya dirisha la mapokezi ya zahanati macho sakafuni, kama aliyedondosha sindano. Wanamwita Fundi. Zamani alikuwa akisimama pale kutaniana na Mama Kadi, mwandikishaji wa wagonjwa. Siku hizi anapita mbio.

Programu ya kuandikisha aliitengeneza yeye. Kila jina likitafutwa, programu hufungua njia ya kwenda kwenye hifadhidata, ghala la taarifa za wagonjwa wote. Jibu likija, njia ifungwe. Ghala linaruhusu njia mia tu kwa wakati mmoja. Fundi aliandika kufungua. Kufunga akasahau.

Wenzake Mama Kadi wa zamu nyingine walitafuta kila jina mara moja, na jioni mashine zikazimwa, njia zote zikafungika, kabla mia hazijajaa. Yeye, kwa kuogopa kumpa mtu faili la jirani yake, alitafuta mara mbili. Basi kila zamu yake, ikifika saa tisa, mashine zote ziliganda.

"Mama, una vidole vya kutwangia," msimamizi alimwambia mbele ya foleni. "Kompyuta haitaki nguvu."

"Vidole hivi vimelea watoto sita, bosi, na hakuna aliyeganda."

Foleni ikacheka. Msimamizi hakucheka.

Fundi aliliona kosa siku hiyo hiyo. Ulikosekana mstari mmoja, wa kufunga njia. Akauongeza kimyakimya, akijiambia mashine zikitulia, maneno nayo yatatulia. Kumbe kesho yake mama akahamishiwa stoo, kupanga maboksi ya glavu.

"Unaona?" msimamizi akamwambia Fundi wiki iliyofuata. "Tangu aondoke, shwari."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Kichwa hicho ndicho kinachomuuma mpaka leo.

Jana wakakutana koridoni, mama kakumbatia boksi.

"Mwanangu, nisamehe. Nilikuharibia mashine yako."

"Usijali, mama."

Usijali! Akampisha, akapita mbio.

Leo ana karatasi mfukoni, mistari mitatu ya kukiri. Huenda ikamgharimu kazi. Kushoto kwake ofisi ya msimamizi, kulia stoo, na ndani anasikika mama akijiimbia taratibu. Wewe uliyefuatana naye mpaka hapa, hebu niambie: abishe hodi wapi kwanza?