Nilifungia batu bote kubadilisha dossier ya chorale, ténor mumoja wa Beni akakataa kunyamaza

Bakubwa ba hapa ndani, jambo kwenu bote.

Hii habari sikuambiwa na mutu. Ilinifikia mimi mwenyewe, Kavira wa Butembo, na nikiongeza hata chumvi kidogo bamama ba chorale batanitukana, juu bamoja bao banasomaka humu.

Niko naandika nikicheka peke yangu mu bureau, collègue ananiangalia kama mugonjwa. Munisamehe.

Mimi ni secrétaire wa chorale, kwaya ya kanisa. Kanisa yetu ilikuwa inatayarisha jubilé kule Beni, na tukapatana na chorale ya Bungulu, ile commune ya Beni, tuimbe pamoja. Donc tutengeneze kitabu moja ya nyimbo. Nyingi za Kinande, zile za bakoko, bazee betu ba zamani, zenye mutu hajaandikaka popote.

Mais huwezi toka Butembo kwenda Beni kila samedi kwa répétition, mazoezi ya kuimba. Ile barabara, kwanza unauliza habari ya usalama. Njo nikasema: tufungue dossier moja mu drive, kule ku internet, kila mutu aingie na telephone yake.

Nikatuma lien ya kuingilia mu groupe. Kuko pahali inakuuliza: mwenye lien asome tu, ao aweze kubadilisha?

Nikaweka kubadilisha. Batu bote. Nilijiambia: ni bandugu mu Kristo, batafanya nini?

Balifanya!

Kisha siku mbili, mu wimbo ya tano kulikuwa photo ya mutoto wa alto mumoja, ameota meno. Mu wimbo ya tisa mama mumoja aliandika kama ana maharagi muzuri ya Luofu, mwenye kutaka amuite. Président wetu, papa wa heshima sana, alifinya sijue nini, kitabu yote ikakuwa nyekundu. Nikamuuliza. Akajibu, "Kavira, mimi niligusa tu."

Ile yote nilicheka. Kitu moja tu njo ilinikasirisha.

Kulikuwa wimbo yenye koko wangu wa Vuhovi alinifundisha nikiwa mudogo. Niliiandika mimi mwenyewe, na roho yote. Sasa kila asubui nakuta neno moja imebadilishwa. Narudisha. Mangaribi imebadilishwa tena. Narudisha. Siku tatu, kama batu babili benye kuvutana kitenge.

Naangalia mu historique, pahali inaonyesha nani amebadilisha: Muhindo. Simujue, donc ni wa ile chorale ya Beni.

Wimbo ya koko wangu, mutu wa Beni anirekebishe? Nikaingia mu paramètres, nikaweka batu bote lecteur. Kusoma, basi. Nikalala muzuri.

Kesho yake, demande d'accès inaingia, mutu anaomba ruhusa ya kubadilisha.

"Dada secrétaire, jambo. Mimi ni Muhindo, ténor, Bungulu. Naomba nirekebishe neno moja tu. Mungu akubariki."

Nikakataa.

Ya pili: "Dada secrétaire, ni mimi tena. Ile neno, vile uliiandika, haisemi mulinzi. Inasema kitu ya jikoni."

Nikakataa.

Ya tatu: "Dada, sitachoka. Hata kama unanichukia, titre za nyimbo umezipanga muzuri sana."

Nikakataa. Lakini bakubwa, nisiwadanganye, hii ya tatu niliisoma mara mbili.

Tukafika siku ya vendredi. Kitabu ilikuwa tayari, imprimeur wa Beni, mwenye kuchapa vitabu, alisema saa tisa kamili anaanza kutoa. Mimi kazi yangu imeisha, nikapanda pikipiki nikaenda Vuhovi kusaidia koko kuvuna maharagi.

Tuko mu shamba, nikasema nimufurahishe. Nikamuimbia wimbo yake, vile niliiandika.

Koko akaacha kuvuna. "Rudilia."

Nikarudilia.

Koko akaikala chini mu udongo, akacheka mpaka kitambaa ya kichwa ikaanguka.

"Mujukuu wangu, mutasimama mbele ya pasta na kuambia Mungu eti yeye ni sufuria yetu?"

Ile neno sitaiandika hapa, Banande benzangu bataniua na vicheko. Ni lettre moja tu. Kumbe nilisikia mubaya nikiwa mutoto, na nikaiimba vile miaka yote.

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Ulikuwa mudogo," koko akasema, akipanguza machozi. "Ilikuwa inatupendeza."

Naangalia saa. Saa nane imepita. Chorale mbili, kanisa inajaa, bapasta mbele, na sisi tunaimbia sufuria!

Vuhovi kule kwa koko réseau iko tu kwa mulima, nyuma ya shule. Nilikimbia na maboti ya matope, telephone juu kama mwenge. Batterie iko ku asilimia sita. Jua imepiga écran, sioni muzuri. Nikatafuta jina ya Muhindo. Kukafunguka liste: lecteur, commentateur wa kutoa maoni tu, éditeur wa kubadilisha, na ingine chini. Nikafinya. Nikamuita ku numero yake ya mu groupe.

"Allô, Muhindo? Ni Kavira."

"Kavira gani?"

"Kavira wa kukukatalia!"

Akacheka. Ah, bakubwa, ile kicheko.

"Koko amesema uko na haki," nikamuambia. "Nimekupatia ruhusa. Rekebisha ile neno, kisha ukimbie kwa imprimeur!"

Akafungua dossier. "Dada secrétaire, hapa inaniuliza kama nakubali kuwa propriétaire. Umenipatia dossier yote?"

Nilifinya ile ya chini kabisa.

Nikaikala mu majani. Kazi yote ya chorale mbili mu mikono ya mutu nilikatalia mara tatu. Akitaka, ananitosha mimi mwenyewe inje.

"Kubali," nikasema. "Kubali, kimbia..."

Telephone ikazima.

Nilirudi kwa koko bila kujua kitu. Maharagi ya mangaribi ile sikusikia hata utamu yake.

Kufika Butembo kesho yake, nikaweka telephone ku courant, nikafungua dossier. Neno imerekebishwa. Chini ya wimbo ameongeza mustari moja: "Tulifundishwa na koko wa Kavira, Vuhovi." Na demande ingine inaningoja: Muhindo anaomba ukuwe tena propriétaire. Nikakubali. Kisha saa moja naangalia jina yake mu liste. Alijiweka lecteur!

Nilipiga kelele, mama akatoka jikoni mbio akizani kuko nyoka.

Siku ya jubilé nikafika Beni. Nilimutafuta mu baténor: wa mwisho, murefu, mikono ya veste imemufupia. Alifika kwa imprimeur mbele ya saa tisa, kitabu ilitoka na neno ya kweli. Tukaimba. Kufika ku ile neno, akaniangalia. Nikamuangalia. Bakubwa, nilimaliza ule mustari macho yamefungwa, mabega inaruka, pasta akazani niko nalia kwa Roho.

Sasa juma iliyopita Muhindo na bazazi bake balikuja kwetu kujitambulisha, juu anataka kunioa. Papa yangu akamuuliza na sauti nzito, "Na mulijuana wapi?"

Muhindo, bila kucheka, "Mu dossier, papa."

Papa akashituka. "Dossier ya nini? Ya kesi ku parquet?"

Chumba yote ikaanguka na kicheko.

Donc, bakubwa, kile nilijifunza. Batu bengi, baweke lecteur. Mwenye kujua kitu, mupatie commentateur, aseme bila kugusa. Éditeur, babili ao batatu benye uliwaona na macho. Ruhusa usiipeane mu jua kali, na demande d'accès uisome mpaka mwisho mbele ya kukataa, juu mwenye kukusumbua anaweza kuwa na haki.

Wasingya, asante kwa kusoma. Benye mulishapoteza dossier, ao mulishapata bwana ndani yake, museme hapa chini, nasoma zote.