Taa ya Matanga

Saa kumi jioni basi letu lilikuwa linaelekea Tottenham, na giza lilikuwa limeshaingia, kama kawaida ya Desemba hapa London. Mbele yangu walikaa kina mama wawili wa Kongo, wote wamevaa sare za kazi ya kutunza wazee. Mmoja alikuwa amefiwa na bibi kizee wa Kiingereza ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha kila asubuhi.

"Ofisi wamenigombeza kwa simu," alimwambia mwenzake. "Eti kwa nini niliacha taa inawaka dirishani kwa bibi."

"Na uliiacha ya nini, mama?"

"Nyumba ya matanga haizimwi taa. Watu watajuaje pa kuja kulia?"

"Watu gani? Si ulisema hana mtoto wala ndugu?"

Yule aliyefiwa alikunja glavu zake magotini, akazikunjua. "Kanisani tunawasha mishumaa tukimngoja Yesu. Naye tumemwona?"

Basi lilipofika kwenye maghorofa ya halmashauri, alikokuwa akiishi bibi, yule mama alifuta ukungu kwenye kioo akatazama juu. Dirisha la bibi lilikuwa jeusi. Akawasha tochi ya simu, akaibana kwenye kioo mpaka tukalipita jengo.

Nimehudhuria ibada nyingi za majira haya ya kungoja Krismasi, zenye kwaya na mishumaa hadi mlangoni. Matanga ya bibi yule yalifanyika ndani ya basi, na mimi, Mkristo tangu utotoni, nilijifanya nasoma ujumbe kwenye simu.