Glasi Niliyompa Lemayian

Nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ya tisini hapa Kitengela, wakati maduka ya barabarani bado yalikuwa ya kuhesabika na punda milia walikuwa wakipita nyuma ya choo chetu. Nilikuwa kijana wa kaunta kwenye baa ya nyama choma, mgeni kutoka Machakos, na nilichokipenda kuliko yote ni kuwachekesha wateja.

Siku hizi, mwanangu, mnakunywa vinywaji vya kuchanganya visivyo na pombe na hakuna anayewauliza neno. Glasi ndefu, kipande cha chungwa ukingoni, na bei inapita ya bia. Mnaviita mokteli. Enzi zetu, mwanamume aliyeagiza soda baa aliulizwa kama daktari amempa sindano.

Ndiyo maana Lemayian alininong'oneza. Alikuwa mfugaji wa huku, mtu wa maneno machache, na pombe ilikuwa imemfukuzia mke. Naserian alirudi kwa baba yake kule Mashuuru na watoto wawili, naye Lemayian akaacha kunywa. Lakini wenzake wa rika walikutana kwetu kila siku ya mnada wa ng'ombe, na ni nani anaweza kuwahepa watu aliotahiriwa nao?

"Mutua," akaniambia, "nitengenezee kitu iko na rangi. Nikishika soda hawa watanicheka mpaka jioni."

Nikamchanganyia juisi ya pasheni, ndimu na soda ya tangawizi, nikatia barafu. Miezi mitano alikunywa hiyo, akakaa na wenzake kichwa juu. Hilo ndilo jambo jema pekee nililofanya kwenye kaunta ile, na ni mimi mwenyewe niliyeliharibu.

Jumamosi hiyo wenzake walikuwa wameshagundua. Mmoja akaja kaunta akicheka. "Kesho anaenda Mashuuru kuchukua bibi," akasema. "Mtilie kidogo tu, tumuone."

Nilijua maana ya safari hiyo. Wazee walikuwa wamekubali kumrudishia mke, ila afike bila tone la pombe mwilini. Nilijua, mwanangu, usije ukanitafutia udhuru. Lakini meza nzima ilikuwa inaniangalia, nami nilipenda kuangaliwa. Nikamtilia toti mbili za vodka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Glasi ya kwanza hakugundua, tangawizi ilikuwa kali. Ya pili aliinywa nusu, akaitazama, kisha akanitazama mimi. Meza ikapasuka kwa kicheko. Yeye hakucheka wala hakunitukana. Aliagiza chupa nzima. Mtu aliyeacha pombe kwa shida amefunga mlango na kuuegemea kwa mgongo, na mimi nilikuwa nimeusukuma.

Jumapili alifika Mashuuru akinuka. Baba mkwe hakumpa hata kiti. Akajitetea kwamba alitiliwa, na nani amewahi kumwamini mlevi akisema hivyo?

Jumatatu alinikuta nikipiga deki.

"Twende na wewe Mashuuru," akasema. "Uambie mzee vile ulifanya. Maneno yako tu ndio imebaki."

Nikamjibu macho yangu yakiwa kwenye ndoo: "Mimi niliweka juisi peke yake."

Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Ile vodka ningeweza kuiita ujinga wa ujana. Uongo ule niliusema nikiwa na akili timamu, kwa kuogopa kufutwa kazi na kuogopa macho ya wazee. Lemayian akaenda zake. Naserian hakurudi.

Miaka ikapita, nikaacha baa. Ilipofika ile ya elfu mbili, makanisa yakawa yameongezeka na watu wakataka harusi zisizo na pombe, nami nikawa mtu wa kuitwa na ndoo zangu za juisi, Kajiado mjini hadi Oltepesi. Nilisifiwa, na kila sifa ilinichoma. Kinywaji kile nilikibuni kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo nilimsaliti.

Siku moja nikaitwa harusini Mashuuru. Nilipofika ndipo nikajua kwamba bibi harusi ni Nashipae, kifungua mimba wa Lemayian. Baba mtu alikaa upande wa wanaume, mvi kichwani. Naserian alikaa ng'ambo, na watu wake. Nikampelekea Lemayian glasi kwa mikono miwili. Akanitambua.

"Onja wewe kwanza," akasema.

Wanaume wakatugeukia. Wote walijua kwamba mleta kinywaji huambiwa hivyo akishukiwa. Nikaonja. Ndipo akaipokea, akanywa.

Nikavuka uwanja hadi kwa Naserian, nikamwambia yote: vodka, kicheko, na ule uongo wa Jumatatu.

"Hii maneno ulikuwa nayo tangu Nashipae ako darasa la pili?" akauliza. "Na leo ndio tunamuoza."

Nilirudi kwenye ndoo zangu nikaendelea kuwagawia watu, wakinisifu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimwona mtu ameshika glasi isiyo na pombe, usimwulize sababu wala usimjaribu. Hujui ni nani anamngojea nyumbani. Na ukimkosea mtu, kiri siku hiyo hiyo, wakati neno lako bado linaweza kumrudishia nyumba yake. Mimi nilikiri, ndiyo, lakini nilikiri wakati ukweli haukuwa na kazi tena isipokuwa kunipunguzia mimi mzigo. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mungu akupe ulimi usioogopa kusema "ni mimi." Akupe na mikono ambayo watu watapokea kinywaji kutoka kwayo bila kukuambia uonje kwanza.