Shimo la Matufaha

Mimi sina subira, na nyumbani wanalijua hilo. Nilikuwa nimeacha chumba cha kupanga kule mjini Shirere nikarudi kwetu Kabras na wazo moja tu: kung'oa miwa ya nusu ekari nipande matufaha. Baridi ya kuulaza mti hatuna, lakini zipo aina zinazovumilia joto, zinazochanua ukizipukutisha majani kwa mkono. Kilichonisumbua ni maji. Mizizi ya mtufaha ikikaa majini inaoza, basi. Udongo ukikataa, ningefungasha tena nirudi mjini kutafuta vibarua.

Asubuhi moja nikachimba shimo mteremkoni chini ya nyumba, miwa ilikokatwa, refu la kuniwezesha kuingia na kuinama, likanifika kifuani. Kingo nilizinyoosha kwa panga. Juu udongo ulikuwa mweusi, chini kijivu chenye madoa ya kutu. Nikamwaga ndoo nne za maji ili kesho nione kama yameisha. Kesho ilikuwa mbali mno. Kila baada ya dakika chache nilirudi kuchungulia, na maji yalikuwa palepale.

Mama aliniletea chai, akaliona shimo, akaweka kikombe chini.

"Baba yako amelala ndani mgonjwa, na wewe unachimba hii?"

"Ni ya kupima udongo, mama."

"Shimo ya namna hii hailalangi wazi. Ukikosa mtu wa kuweka, weka mgomba, na ufukie kabla jua haijazama."

Nilikasirika. Niharibu kipimo kwa ajili ya shina la mgomba? Lakini majirani wawili walioniona kutoka njiani walikuwa wameshaingia uani, kofia mikononi, wakimuuliza mama kwa sauti ya chini mzee ameenda lini. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Hapo baba akatoka, blanketi mabegani, akijikongoja kwa fimbo. Majirani wakavaa kofia zao haraka. Akachungulia shimoni.

"Hii ni yangu ama ya matunda?"

Alicheka peke yake mpaka akakohoa.

"Hapa maji inasimamanga mpaka miwa inageuka manjano. Si ungeniuliza?"

Miezi miwili nilikuwa nimesoma kila kitu kwenye simu, wala sikumuuliza mtu aliyelima hapo maisha yake yote.

Akanyoosha fimbo kuelekea mwinuko wa udongo mwekundu kando ya nyumba, mahali ambapo hapajawahi kupandwa kitu.

"Pale maji haisimamangi hata mvua ikinyesha wiki nzima. Nilijiwekea hapo, mnizike. Sasa panda."

"Na wewe, baba?"

"Acha nafasi ya mtu mmoja. Siku hizi mimi si mnene. Funika hii, watu waende kwao."

Jioni hiyohiyo nilianza kupima nafasi za miche kwa hatua. Kila nilipofika katikati, kwenye nafasi ya baba, nilipoteza hesabu, nikaanza upya.