Nilivyosugua Vijiko vya Shosho

Ukipita Mwiki usikie kijana akiitwa "Dhahabu", usitafute tajiri, ni mimi, na jina hilo nililipata kwa jasho langu mwenyewe, pamoja na jivu na waya wa kusugulia sufuria.

Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake dada yangu Njeri alikuwa analetewa wageni wa ruracio, yaani wa mahari, watu wa mchumba wake kutoka Thika. Shosho, bibi yetu, alifika kutoka Kalimoni amekumbatia boksi la vijiko kumi na viwili vilivyopakwa fedha, alivyopewa zamani na mama mwenye shamba la kahawa alikokuwa mpishi. Alikuwa amemwekea mjukuu wa kwanza kuolewa, na alitaka kumkabidhi Njeri mbele ya wageni wote.

Vilikuwa vimeingia weusi kidogo. Akaniambia, "Mzee wangu" (nimepewa jina la guka, babu yetu, kwa hiyo kwake mimi ni mume), "osha na sabuni na kitambaa laini, ukaushe hapo hapo. Usitie nguvu."

Usitie nguvu! Kwetu sufuria isipong'aa hata kwenye matako yake, jirani anauliza kama nyumbani kuna mgonjwa, na mimi kazi yangu ni kuosha vyombo hotelini Ruiru, masizi yananiogopa. Nikaona Shosho amezeeka tu, nikachukua waya.

Weusi ukatoka, na chini yake nikaona manjano. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikasema huo ni uchafu wa ndani, nikaongeza jivu, nikasugua vyote kumi na viwili mpaka vikawa manjano kabisa, na hapo ndipo akili yangu kubwa ikaniambia hii ni dhahabu, yule mama wa kahawa hakujua alichotoa. Kwa kawaida siongei (hata dukani nasubiri niulizwe ninataka nini), lakini siku hiyo nikamnong'onezea Anko Ndung'u, ndugu ya baba, ambaye kumnong'onezea ni sawa na kupanda juu ya paa na spika.

Jumamosi, wageni walipomaliza kula, Anko akasimama. "Athoni, wakwe zetu, msifikiri mmekuja kwa watu hivi hivi! Huyu msichana ametoka nyumba ya vijiko vya dhahabu. Kijana, leta!"

Nikaleta. Mzee mmoja wa upande wa mchumba akachukua kimoja, akakigeuza, akavaa miwani, akasoma herufi ndogo nyuma ya mpini.

"Imeandikwa kimepakwa fedha," akasema polepole. "Lakini fedha yenyewe siioni. Hii ni shaba, kama ya kufuli."

"Kumbe ndiyo maana bibi harusi alikuwa amefungiwa ndani hivyo!" mama mmoja wa kwao akadakia, maana Njeri alikuwa amefichwa chumbani mpaka wageni walipokula, na hema nzima ikaangua kicheko. Anko naye alicheka, tena kwa sauti, kama mtu ambaye hakuwa amesema kitu.

Shosho hakucheka. Alipitisha kidole mahali palipokuwa na maua yaliyochorwa, akayakosa.

"Mzee wangu," akasema, "maisha yangu yote nimevipangusa. Wewe umevimaliza kwa jioni moja." Halafu, kwa sauti ndogo, "Sasa nitampa mtoto nini?"

Njeri akainuka kati ya wenzake, akapiga magoti mbele yake. "Nipe hivyo hivyo, Shosho. Wao wameshacheka, basi wamemaliza."

Shosho akampa boksi, wakashangilia. Siku hizi viko kwa Njeri, kwenye kabati ya kioo. Havikorogi chai, maana chai inakuwa na ladha ya sarafu, lakini kila mgeni lazima ahadithiwe.

Mimi nimeapa sitagusa tena chombo cha zamani kabla ya kusoma mgongo wake, na nilienda Kalimoni nikamwapia Shosho mwenyewe. Akaniitikia vizuri, akanipa chai. Baadaye nimesikia kuna birika la seti ile ile, na wajukuu wote wanajua lilipofichwa isipokuwa mimi.