Sifuri Kwenye Friji ya Chanjo

Pale ofisini walimbandika jina la Bi Hakika, na yeye hakulikataa. Ukimuuliza kama kazi itakwisha Ijumaa, atakujibu ndiyo au hapana. "Labda" kwake ni neno la wavivu. Miaka kumi na moja ameandika kurasa za mtandao, na kusema kweli kazi anaijua. Kwa hiyo dada yake, muuguzi wa chanjo katika zahanati ya mtaani ambayo yeye ndiye aliyeiandikia ukurasa wa kurekodi joto la friji, alipompigia asubuhi kulalamika, alimsikiliza huku anakoroga chai.

"Mdogo wangu, ukurasa wako umenigomea tena. Naandika joto la friji, unaniambia friji haijapimwa."

"Unabonyeza vibaya, dada."

"Mara tatu? Mimi si mtoto! Naandika sifuri, unakataa."

Kijiko kilisimama. "Kipimajoto kinasoma sifuri?"

"Hiyo hiyo."

Bi Hakika alivuta kompyuta. Mstari wa maagizo ya kengele ulikuwa mfupi, na aliuandika kwa mbwembwe zote: joto likiwepo, liangalie, na likiwa chini ya nyuzi mbili piga kengele; lisipokuwepo, sema friji haijapimwa. Sasa, JavaScript, lugha ya kuandikia kurasa hizo, ukiitaka igeuze kitu kiwe kweli au si kweli, ina mambo yake. Ipe neno lolote, hata neno "hapana", itasema kweli. Ipe namba sifuri, itasema si kweli, sawasawa na mtu ambaye hakuandika kitu. Somo hili yeye mwenyewe huwafundisha wafanyakazi wapya kila mwaka, tena kwa kujigamba. Na bado baridi ya kuharibu chanjo ilikuwa imeipita kengele yake kimyakimya.

"Dada, usimchome mtoto hata mmoja. Kipimajoto ni kizima, kosa ni langu."

Aliurekebisha mstari pale pale: usiulize tena kama joto ni kweli, uulize kama nafasi imeachwa tupu. Akajaribu sifuri, kengele ikalia. Akaacha nafasi tupu, ukurasa ukasema friji haijapimwa. Dakika nne tu, akashusha pumzi.

"Tayari. Agizeni chanjo mpya, akina mama warudi kesho."



"Jumanne nayo ilisoma sifuri," alisema dada yake. "Kengele yako haikulia, nikajua kipimajoto ndicho kibovu. Nikaandika nne, kama friji inavyosoma siku zote. Nilichoma watoto kumi na tisa."

"Jamani, dada! Friji si unaijua kuliko mimi?"

"Naijua. Lakini nilikuamini wewe kuliko macho yangu."

Bi Hakika aliona aibu. Watoto kumi na tisa walikuwa majumbani bila kinga, na mama zao hawana wasiwasi wowote. Alifunga kompyuta.

"Daftari la anwani zao unalo?"

"Ninalo."

"Basi nakuja. Tutapita nyumba kwa nyumba, na mlangoni nitaongea mimi."